Wifi Yangu na Fomu ya Ruzuku

"Fundi, hivi kuna kitu kinachokushinda wewe?"

Jirani alimuuliza hivyo wifi yangu siku alipomkuta amepanda juu ya meza, anapigilia msumari wa pazia. Wifi akamjibu kipo kimoja tu, kunyamaza.

Miguu yake ililala tangu akiwa na miaka minne. Anatembea kwa mikono, anashona kwa cherehani cha mkono, na kwa kucheka hana mpinzani. Basi tuliposikia serikali inatoa ruzuku ya walemavu, nilimshukuru Mungu. Nikasema sasa tutapata cha kumlipa mchota maji, wifi naye asubuhi yake aitumie kushona.

Kumbe sikumjua wifi. Pale ofisini afisa, binti mpole mwenye miwani, akamsomea fomu. Anaweza kuoga mwenyewe? Naweza. Kupika? Tena kuliko huyu wifi yangu, kamuulize kaka. Kufua, kufagia, kuchota maji? Naweza, naweza, naweza. Foleni nzima mbavu hawana. Nikamfinya. Akatangaza kwamba wifi yake anamfinya adanganye, na asubuhi hiyohiyo tumesali pamoja. Nilitamani ardhi inimeze.

Akapata alama sifuri, jina likakatwa.

Nyumbani hakucheka. Aliniambia ilikuwa mara ya kwanza mtu wa ofisi kumuuliza anachoweza, na utamu ukamzidi.

Wiki iliyofuata tukarudi kuomba aulizwe upya. Binti alipofika kwenye maji, wifi akaomba ndoo. Akaijaza bombani uani, akaifunga kiunoni kwa kitambaa, akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea ofisini. Anajisogeza, anavuta ndoo, anapumzika, anatutania. Foleni ikageuka uwanja wa mpira. Mzee mmoja akapiga mluzi wa mapumziko. Chai ya binti ikapoa, ikaingia nzi. Kufika kizingitini saa nzima ilikuwa imepita, ndoo imebaki nusu, na sketi yangu mimi niliyemfuata kwa karibu ndiyo imelowa.

Ruzuku ilitoka, na mchota maji tunaye hadi leo. Lakini mimi huwa nakumbuka binti alivyovua miwani kufuta machozi ya kicheko, kalamu ikining'inia kati ya "anaweza" na "hawezi", na wifi akihema pale sakafuni, akamwambia:

"Mwanangu, andika naweza, maana naweza. Ila hapo pembeni naomba uandike na saa niliyoanza."