Nne Isiyo na Sababu

Walimwita Mama Tochi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kulimulika yai moja moja kabla halijaanguliwa, kuona kama ndani mna uhai. Mwenzake kazini alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke wa maneno mengi na moyo mweupe. Kabla ya kumwahidi mteja vifaranga, kila mmoja aliandika peke yake: katika mayai kumi, yataanguliwa mangapi? Wakitofautiana, kila mmoja alieleza alichokiona, kisha wakaandika tena, mpaka namba zikutane. Walikosea kwa nadra.

Safari hii wifi aliandika tisa. Mama Tochi, nne.

"Nne! Wifi, una homa? Juzi nimeyamulika mwenyewe, mishipa imetanda vizuri. Haya, toa sababu."

Sababu alikuwa nayo. Jana yake, wifi akiwa sokoni, alichomoa waya wa mashine ya kuangulia mayai ili apige pasi gauni lake, akasahau kuurudisha mpaka jioni. Alipoyagusa mayai yalikuwa ya baridi.

"Labda macho yangu tu," alisema, akaandika nane. Angalau angeandika sita, jamani! Wifi naye, kwa kumheshimu, akashuka hadi nane. Basi wamekubaliana. Wifi akaenda mbio kuwaambia kina mama wa kikundi kilichoagiza vifaranga wajenge banda kubwa.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Siku ilipofika, katika kila mayai kumi walitoka vifaranga watatu. Kina mama walimsema wifi hadharani, mmoja akamwita tapeli. Alirudi macho mekundu, akamshika Mama Tochi mkono.

"Nisamehe, wifi yangu. Wewe uliona nne, nikakuvuta kwa kimbelembele changu. Kuanzia leo sibishani nawe. Utakachoandika, ndicho hicho hicho."

Mama Tochi aliona aibu, akatamani ardhi ipasuke immeze. Heri angetukanwa.

"Sikuona kitu, wifi. Nilichomoa waya nipige pasi. Nikasahau."

Wifi aliuachia ule mkono polepole. "Upige pasi nini?"

"Gauni."

"Gauni lipi?"

"Hili."

Wifi alilitazama, kuanzia kola mpaka pindo.

"Ungeniambia, na mimi ningeandika nne," alisema. "Mayai yangekufa vilevile. Lakini mimi nisingeitwa tapeli."