Nusu ya Wimbo wa Kifaranga

Katika chumba cha kufulia cha hospitali walimwita Kiitikio, na jina hilo alipewa na dada yake wa tumbo moja. Miaka ishirini na sita ndugu hao wawili walikunja mashuka pamoja, na miaka yote hiyo waliyakunja kwa nyimbo za kanda moja.

Kanda yenyewe walinunuliwa na mama yao wakiwa bado wanachezea tope. Jaladani palikuwa na mwavuli wa manjano; ndani yake nyimbo kumi za watu wazima waliojifanya watoto, na hakuna hata mmoja uliokuwa na akili. Mmoja ulihusu kofia iliyotumbukia kisimani, mwingine jino lililokataa kung'oka. Walioupenda kuliko zote ulikuwa wa kifaranga anayeogopa dimbwi. Mwimbaji anaita, "Kifaranga wa manjano, njoo huku tuvuke," na wenzake wanajibu, "Naogopa kulowa!"

Tangu utotoni dada aliita, mdogo akaitikia. Waliuimba mama alipougua. Waliuimba siku mume wa dada alipofungasha virago, dada akiita huku kamasi zinamtoka. Baadaye wakauleta kazini, kwa kuwa uliingia sawasawa kwenye ukunjaji. Mmoja hushika ncha hizi, mwingine zile. Dada anaita, shuka linavutwa likanyooka. Mdogo anaitikia, wanasogeleana, vidole vinakutana, na dada anamkabidhi pembe zake mbili. Kisha shuka lingine.

Redio ya kanda ilipokufa waliendelea bila redio, na hapo dada akaanza kuchezea maneno, leo hivi, kesho vile. Aliyetaniwa zaidi ni mpiga pasi, mzee mwembamba aliyesimama hatua sita kutoka kwao akinung'unika kutwa. Walimwita Babu Pasi.

"Mabibi wazima nyie, hamuoni haya? Vifaranga, vifaranga."

"Pasi inaunguza, babu," dada humjibu. "Kifaranga tuachie wenyewe."

Kisha figo za dada zikachoka, na hakukaa sana. Walipokuwa wakimwandaa kwa safari ya mwisho, Kiitikio aliona haifai aende mikono mitupu. Akaichukua ile kanda, akaifunga kwenye leso, akamwekea ubavuni. Watu wakasema kafanya jambo jema. Siku ile alipata walau lepe la usingizi.

Jumatatu akarudi kazini. Akafunga ncha za shuka kwenye komeo la mlango, akashika ncha za pili, akavuta, akafungua mdomo aimbe. Kilichotoka kilikuwa "Naogopa kulowa," basi. Akajaribu tena. Alikuwa na majibu ya nyimbo zote kumi, na hakuwa na swali hata moja. Maisha yake yote alikuwa akingoja zamu yake, akicheka. Hakuwahi kujisumbua kushika sehemu ya dada. Ya nini, na dada yupo? Sasa mwenye nayo alikuwa chini, kanda iko chini, na aliyeiweka huko ni yeye.

Akavuta shuka. Mlango haukuja kukutana naye.

Wiki tatu alikunja hivyo, kimya, mpaka binti wa dada yake alipopita nyumbani kumjulia hali.

"Mama mdogo, umekonda. Unakula kweli?"

Akamweleza. Msichana akashusha pumzi.

"Hilo tu? Nyimbo za zamani siku hizi ziko kwenye simu." Akabonyeza, akabonyeza, na mwavuli wa manjano ukatokea. "Hizi hapa, zote kumi."

Wakakaa kitandani wakasikiliza. Sauti ilikuwa safi, haina mikwaruzo ya ile kanda yao. *Kifaranga wa manjano, njoo huku tuvuke.* Kiitikio akaitikia kwa adabu, kama mtu anayemjibu mgeni mlangoni.

"Siyo wenyewe?" msichana akauliza.

"Ndio wenyewe. Ila mama yako hakuwa akiuimba hivi."

"Alikuwa akiuimbaje?"

Kiitikio akatazama simu. Ndilo hasa lililokuwa likimkosesha chakula: aliyaona mabega ya dada yakitikisika, akaliona pengo la meno yake, lakini maneno yalikuwa yamekwenda.

Kesho yake shuka lilichomoka kwenye komeo mara mbili. La pili hakuliokota. Babu Pasi akamtazama, akachomoa waya wa pasi ukutani, akaja, akainua ncha zilizoanguka. Akakohoa. Akaimba macho juu darini, kwa sauti ya bawaba isiyoonja mafuta:

"Babu Pasi umekunjamana, njoo nikunyunyize."

Kiitikio akamgeukia. "Umeyajuaje hayo?"

"Nitaachaje kuyajua? Si ndiyo kanitukana nayo dada yako miaka na miaka. Mara ya kwanza nilifika nyumbani nimenuna. Mke wangu akauliza kuna nini, nikamwimbia. Alicheka mpaka akakaa chini." Akalitikisa shuka. "Vuta basi, linafagia sakafu."

"Na ya kofia? Na ya jino?"

"Hayo alikuwa akimwimbia meneja. Mimi nilishika ya kwangu tu."

Kiitikio akavuta, shuka likanyooka. Mzee akaimba tena, akikosea mahadhi pale pale alipoyakosea mwanzo.

"Naogopa kulowa," Kiitikio akajibu, na sauti ikatoka ndogo.

Wakasogeleana. Vidole vya mzee vilikuwa na mabaka ya kuungua. Vikamkabidhi pembe mbili. Kiitikio akazipokea, akalikumbatia shuka lote kifuani, akauficha uso wake humo, akakaa hivyo. Babu Pasi akangoja, mikono nyuma.

Alipoona imetosha, akalichukua taratibu, akarudi mezani, akachomeka pasi ikapata moto, akaipitisha pale palipolowa. Kisha akaja, akashika ncha za shuka lingine.