Ndege Iliyovaa Mitumbwi

Nilipokuwa chuoni nilipewa kazi ya kuandika historia ya kikosi cha ndege za jeshi la majini la Waingereza, kilichopelekwa kwenye delta ya Rufiji kuitafuta manowari ya Wajerumani iliyojificha kwenye mikoko. Likizo ilipofika nilibeba madaftari yangu hadi Ifakara, nyumbani kwa bibi yangu, Kibaoni. Nilimkuta akipepeta mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Na hao Wazungu uliowabeba kwenye madaftari, wamekula?"

Nilimsomea jinsi joto lilivyozishinda injini, na jinsi marubani walivyorudi angani siku baada ya siku kwa ndege za mbao na kitambaa zilizotua na kuruka majini. Niliwastaajabia, na bado nawastaajabia. Bibi akaweka ungo chini.

"Hizo zilizovaa mitumbwi miwili miguuni? Baba yangu aliiona moja."

Baba yake, Mndamba aliyekulia mtoni, alichukuliwa na Wajerumani pamoja na mdogo wake kwenda kuvusha mizigo huko delta. Mdogo akashikwa na homa kali. Wakubwa walikataa kumwachia, na ilikuwa dhahiri kwamba akibaki pale atakufa. Alfajiri moja kaka yake alimlaza ndani ya mtumbwi wakatoroka.

Katikati ya mkondo wakaikuta ndege ya Waingereza. Ilikuwa ikikimbia juu ya maji, ikinguruma, na kila mara ilishindwa kuinuka. Hapakuwa na upepo wala kiwimbi. Baba yake bibi aliielewa mara moja, kwa kuwa bata mzito wa Kilombero hukimbia hivyo hivyo, na maji yaliyotulia humng'ang'ania.

"Kaka, ikiruka je?" mgonjwa aliuliza.

"Hairuki. Lala."

Akapiga kafi kwa nguvu zake zote, akakatiza mbele ya ndege. Mpiga kafi huyo hodari alisahau jambo moja tu: mtumbwi wake nao huacha mawimbi nyuma. Mawimbi hayo yakaifikia ndege, maji yakaiachia, nayo ikapaa juu ya vichwa vyao huku ikiwadondoshea matone. Alijilaza juu ya mdogo wake, akangoja bomu. Rubani aliinama, akawatazama, kisha akageukia baharini.

Katika madaftari yangu ilikuwamo ndege iliyong'ang'aniwa na maji asubuhi nzima, kisha ikaruka. Nilimsomea bibi sababu iliyotajwa: upepo. Siwezi kuthibitisha kwamba ndiyo ile ile.

"Upepo gani, msomi wangu?" bibi alicheka. "Hiyo ni kafi ya baba."

"Na mdogo wake?"

"Walifika nyumbani baada ya wiki nyingi, kwa mtumbwi na kwa miguu. Akapona. Ndiye aliyenifundisha mimi kupiga kafi. Kila tulipomkaribia bata aliyetulia majini, alininong'oneza: 'Taratibu, mwanangu, usije ukamrusha.'"