Mafua ya Muuguzi

Muuguzi wa zahanati yetu ya wakimbizi, huko Kanyaruchinya, akipata mafua kambi nzima hujua. Huja kazini na shali ya mkewe shingoni, na kila akimaliza kumdunga mtu sindano huketi, hujishika kiuno na kulia: "Bandugu, leo mutanizika!" Lakini mikono yake haitetemeki hata kidogo.

Asubuhi moja alikuwa akilalamika hivyo mbele ya foleni. Kwenye benchi alikuwepo mama aliyekimbia vita Bunagana. Tangu afike hakuwa amemjibu mtu neno. Ghafla aliinuka, akamwekea muuguzi kiganja kwenye paji la uso.

"Papa, hauna homa. Uko na njaa. Ulikula nini?"

Muuguzi alifumba macho, akajibu kwa sauti ya mtoto: "Sikukula kitu, mama."

Yule mama akamnywesha uji wake mwenyewe, huku akimgombeza kwa kutojitunza. Mimi niliyeshika daftari la wagonjwa nilimuuliza mama huyo jina. "Nyirakamana," alisema. Kisha, bila kuulizwa, akaanza kutaja majina ya watoto wake waliompotea njiani, na muuguzi akamwachia kiti chake.