Uwanja Ambao Mama Aliujua kwa Miguu

Kuna siku ambayo haijanitoka moyoni, mwanangu, na jana uliponionyesha ndani ya simu picha za pave, yale matofali ya saruji ya uani, unazotaka kutandaza kuzunguka nyumba yako hii tunamoishi, ukiniomba nikuchagulie rangi, siku hiyo ilinirudia yote. Nilizitazama picha zako muda mrefu bila kukujibu. Leo nakujibu.

Ni siku ambayo mama yangu alipotea ndani ya uwanja wa nyumba yake mwenyewe, hapahapa Kamembe, jua likiwaka.

Bibi yako, ambaye hukumkuta, alianza kupofuka akiwa bado na nguvu. Alikuwa mshonaji. Cherehani ilimshinda kwanza, kisha kusoma Kurani, kisha kuzitambua sura zetu. Kilichobaki kwake ni kutoka mlangoni hadi jiko la nje, na kutoka jikoni hadi kwenye bomba, bila fimbo wala mkono wa mtu. Alivua kandambili, akaiacha miguu imwongoze. Mbele ya mlango, udongo ulishindiliwa na nyayo zetu mpaka ukawa laini kama sahani. Karibu na jiko aligusa majivu na vijiwe, na penye bomba alikuta ubaridi wa nyasi. Alitupikia sombe, mboga ya majani ya muhogo, kila alipotaka, na ole wake aliyejaribu kumshika mkono.

Lakini mvua za huku unazijua. Uwanja uligeuka tope, mama akateleza, na kaka yangu Salumu akaogopa kwamba safari nyingine angevunjika kiuno. Akanunua pave. Mimi nilikuwa nimetoka tu kusomea ujenzi, kwa hiyo nilisimamia kazi, na kwa kipimo cha shule ilikuwa kazi safi. Tuliondoa udongo wa juu, tukamwaga kokoto na mchanga, tukashindilia kwa mashine, tukaacha mteremko mdogo ili maji yasirudi ukutani, tukafunga kingo kwa saruji. Pave zilikuwa za aina moja, nyekundu, tangu ukutani hadi langoni. Mama alikuwa ng'ambo ya mpaka, Bukavu, kwa dada yake. Tulitaka arudi akute zawadi.

Alirudi. Alivua viatu langoni kama kawaida yake, akatembea kidogo, akasimama.

"Maman, umefika kwako," Salumu alimwambia akicheka. "Ona vile uwanja inapendeza!"

"Nione na macho ya nani?" mama alimjibu, naye akacheka. Kisha akapapasa kwa mguu kushoto, kulia, mbele. Kicheko kikakauka. "Salumu, jiko iko wapi?"

"Iko palepale, Maman. Hatukuigusa."

"Na mulango?" Alinyoosha mikono mbele, kama mtu aliyeingia nyumba ya wageni. "Batoto bangu, kote kuko sawasawa. Munipeleke."

Neno hilo hatukuwahi kulisikia kinywani mwake.

Salumu alifunga kamba kutoka mlangoni hadi jikoni ili aishike. "Kamba ni ya mbuzi," mama alisema, asiiguse. Basi nikang'oa pave kwenye njia ile, nikamwaga udongo, nikaushindilia kwa uangalifu wote niliokuwa nao. Mama alikanyaga, akatulia, akarudisha mguu. "Hii ni udongo ya muntu mwengine."

Alisema kweli. Udongo wake tulikuwa tumeupakia ndani ya lori na kuumwaga bondeni. Ulitengenezwa na nyayo za maisha mazima, zake na za marehemu baba, na hakuna mashine duniani inayoweza kuutengeneza tena.

Tangu hapo alikaa kwenye kiti mlangoni, na jiko likapata mpishi mwingine. Nilimsikia akimwambia jirani yetu, Maman Neema: "Batoto bananipenda sana. Bananipenda mpaka balinifunga." Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira, ningepata la kujitetea.

Alifariki bila kulifikia jiko lake tena kwa miguu yake. Siku ya msiba mvua ilinyesha, na waliokuja walitusifu: uwanja mzuri, hata tope hakuna. Salumu alitoka nje ya lango, akasimama kwenye tope, akanyeshewa.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla ya kumwita fundi, keti uani tangu asubuhi, uangalie nani anapita wapi, na mguu wake unatafuta nini. Pave nyororo zisikaribie bomba, maana huteleza. Njia ya jikoni iwe na pave za kukwaruza, zisizofanana na nyingine. Pembeni mwa jiko bakiza kokoto. Mbele ya mlango udongo ubaki kama ulivyo, hata wageni wakikucheka. Na usitandaze chochote mwenye kuutumia uwanja akiwa safarini.

Uliniuliza rangi. Sikukujibu jana kwa sababu sikuweza kuzitofautisha. Ukungu wa macho uliomwanza mama umenianza mimi, na daktari hakunipa tumaini. Sijui kama haya yatasaidia. Mama pia alikuwa na watoto waliompenda. Lakini asubuhi hizi navua viatu, najifunza uwanja wako.

Mungu akuhifadhie macho yako hadi uzeeni, na akujalie watoto watakaokuuliza kabla ya kukupa zawadi. Amina.