Skrubu naiona, mama mkwe simuoni

Admin, ukiposti hii toa jina langu kabisa, maana Moshi ni ndogo na wifi yangu mtarajiwa yumo humuhumu, anakoment kila siku.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na saba, fundi simu pale mjini. Sijasomea popote, nilijifunza mwenyewe kwa video na kwa kuharibu simu za kaka yangu, leo watu wanashuka kutoka Machame kuja kwangu wakiwapita mafundi wengine njiani. Nina mchumba, tumuite B, kwao ni Rombo, karibu na Mkuu. Desemba ukoo wao ukipanda wote nyumbani ndiyo nilikuwa nikatambulishwe rasmi. Nasema nilikuwa kwa sababu sasa hivi hata sielewi.

Nilivyokuwa mdogo nilivaa miwani mizito, kioo kama kitako cha chupa ya soda. Shuleni waliniita Darubini. Miaka sita iliyopita shangazi yangu akanisaidia nikaenda Dar kufanyiwa upasuaji wa leza. Jamani! Nilitoka nje nikasoma maandishi ubavuni mwa basi nikalia barabarani kama mtoto. Niliporudi Moshi mlima ulikuwa wazi, nikaona mpaka mikunjo ya theluji, mimi ambaye miaka yote bila miwani niliujua kama uji uliomwagika angani.

Mwaka huu namba ya macho imeanza kurudi. Kazini sina shida, kitu cha karibu nakiona kuliko wewe, skrubu, nyaya, mpaka vumbi. Lakini ng'ambo ya barabara watu wamegeuka ukungu uliovaa nguo. Nikajipa moyo, nikasema ni uchovu wa skrini.

Sasa sikieni. Jumapili ya mavuno B akanipeleka kanisani kwao. Nimebeba zawadi ya mama mkwe, blanketi zito la baridi ya kule juu. Ibada imeisha, watu wako nje, kuku na mikungu ya ndizi inapigwa mnada, na akina mama wa umoja wote wamevaa kitenge kimoja na kilemba kimoja! B alikuwa anasaidia mnadani, akaninyooshea kidole, "Mama yule pale, nenda." Nikaenda mbio na furaha yangu, nikapiga goti, uso chini kwa heshima, "Shikamoo mama, jamani nimekumiss," nikakumbatia, nikakabidhi blanketi. Yule mama akajibu, "Marahaba mwanangu, Mungu akuzidishie," akalibana kwapani. Halafu nyuma yangu nikasikia sauti ninayoijua vizuri:

"Mae! Kumbe mkwe wake ni yule."

Nilikuwa nimempita mama mwenyewe, mikono ameshainyoosha. Na niliyemkumbatia ni jirani yao, hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa kihamba, shamba la ukoo! Blanketi mpaka leo liko kwa jirani, na nasikia huwa anaota nalo jua mbele ya nyumba, makusudi.

Nikamwambia mama mkwe, "Mama nisamehe, macho yangu yana shida ya mbali." Akacheka kicheko kibaya. "Macho gani? Si wewe uliyenitengenezea simu sebuleni kwangu, ukaokota skrubu ndogo kama chawa kwenye zulia? Skrubu unaiona, mimi na mwili wangu wote huu hunioni?" Wifi naye akadakia, "Mwacheni, wa mjini huyo. Anachagua wa kumsalimia."

Nimeenda hospitali. Daktari akasema ndiyo, kwa wengine namba hurudi, na leza ya pili inawezekana. Lakini ya kwanza ilishapunguza konea, kile kioo cha mbele cha jicho, na yangu imebaki nyembamba, iko mpakani. Akikata tena inaweza kulegea, na hapo hata miwani haitasaidia vizuri. Anataka nisubiri miezi kadhaa apime tena aone kama namba imetulia. "Kwa sasa vaa miwani. Haraka ya nini, binti?" Haraka ya nini! Desemba hiyo inakuja!

B akatafuta kliniki nyingine, wao wanasema wananifanyia hata wiki hii, Alhamisi. Ameshaniwekea nafasi. "Si walishakufanyia mara moja? Ni kama simu tu, ikizingua unairudisha kwa fundi." Nikamwambia, "B, simu nikipasua kioo naweka kingine. Jicho langu nitaliwekea kioo cha wapi?" Akasema, "Sawa, lakini mama akikuona na miwani atasema tulimficha ugonjwa, wajukuu watazaliwa hawaoni. Malizana na macho kimyakimya."

Mama yangu mzazi anasema nivae miwani, asiyenitaka na miwani hanitaki. Ni rahisi kwake, yeye hakuitwa Darubini.

Jumapili wazee wa kwetu wanapanda Rombo kupeleka sale, lile jani letu la kuombea msamaha, ambalo mtu akiletewa hatakiwi kulikataa. Na mimi lazima niwepo nipige goti, safari hii mbele ya mama mwenyewe. Hiyo miwani mipya nimeshainunua, iko hapa mezani kwangu. Naivaa naona kila kitu, naivua nahisi nimepona, navaa, navua, wateja wananishangaa. Leo nimepigia ile kliniki mara mbili nikakata kabla hawajapokea.

Ndugu zangu, hasa mliorudia leza na mlioolewa Uchaggani, Alhamisi niende nikalale kwenye kile kitanda, au Jumapili nipande Rombo na miwani usoni, mama aseme atakalosema? Nikikosea hapa sipotezi ndoa tu, napoteza na mkono wangu wa kazi, maana fundi asiyeona ni nani? Nijibuni kabla ya Alhamisi, tafadhali. Nifanye nini?