Kamera ya Mashoto

Wateja walimpa dada huyu jina la Bei Moja kwa kejeli, maana tangu afungue duka lake la vitu vikuukuu hajawahi kuuza kitu kwa bei moja. Alianza na vijiko vya kutu juu ya gunia; sasa ana mlango, kufuli na maadui.

Asubuhi hiyo kinyozi wa mtaa wa nyuma alimletea picha ya zamani ya marehemu baba yake, naye kinyozi, amesimama kibandani mwake na kamera jichoni. Mwana alitaka kamera ya aina hiyohiyo aiweke chini ya picha, mama yake akija kumtembelea aione.

Bei Moja akavaa miwani. Kamera aliijua: zile za vidirisha viwili usoni, ambazo ukichungulia unaona vivuli viwili, unazungusha lenzi mpaka vioane. Rafuni alikuwa na moja kama hiyo, ila kulikuwa na walakini.

"Tazama kitufe cha kupigia, kiko mkono wa kushoto. Hata kidirisha cha kuchungulia kimehamia upande wa pili. Kaka, baba yako alikuwa na kamera ya mashoto."

"Lakini baba hakuwa mashoto."

"Alikuwa anakunyoa kwa mkono gani?"

Kinyozi akafikiri. "Nilikuwa nafumba macho."

"Basi niachie mimi. Hizi ni adimu kama meno ya kuku."

"Na ile ya rafuni?"

"Ile? Takataka. Za mkono wa kulia zimejaa kama nzi."

Aliposikia bei ya hiyo adimu, kinyozi akageukia mlango. Bei Moja hapendi kuona kisogo cha mteja. Akaiteremsha ile ya rafuni, akamtia mkononi. "Chukua, nyongeza hiyo, bure. Nikikuletea ya mashoto ndiyo unanilipa." Wakapeana mikono, kinyozi akaondoka na kamera na picha yake.

Bei Moja akaanza msako. Shemeji yake, fundi wa kamera, alicheka mpaka akaweka bisibisi chini.

"Shemeji, na sufuria ya mashoto umeshapata?"

"Cheka tu, nikiuza usije kuniomba."

"Kamera hiyo haijazaliwa. Rudi ukaitazame picha vizuri."

Akaenda kwa kinyozi, roho juu. Alimkuta mama mtu ameshafika, kakaa kwenye benchi la wateja, na mwanawe yuko mbele ya kioo kikubwa, kamera jichoni, akijitia mpiga picha. Bei Moja akatupa jicho kiooni. Humo ndani, kinyozi alikuwa mashoto.

Akaitazama picha ukutani. Kamera ileile, pozi lilelile. Mzee alijipiga picha mwenyewe kwenye kioo! Kumbe kitu ambacho Bei Moja alizunguka mji mzima akikitafuta auze, alikuwa amekigawa kwa mkono wake mwenyewe.

"Kaka," akasema, sauti ya asali, "nirudishie hiyo takataka, kuna watoto wanataka cha kuchezea."

"Si ulinipa?"

"Nilikuazima."

"Dada, tulipeana mikono."

"Basi nakubadilishia na redio."

"Inaimba?"

"Ukiipiga kofi."

"Redio ya nini?" mama mtu akadakia. "Hiyo si ndiyo kamera kama ya baba yako? Akipata shati jipya tu, anajipiga kwenye kioo, wateja wanamsubiri na povu mashavuni!"

Kinyozi akatazama kamera, kioo, picha, kisha Bei Moja. "Ya mashoto, eh?"

"Mimi nimedanganywa na kioo. Lakini nimekuletea au sijakuletea?"

"Umeniletea. Bure."

Ulimi wa Bei Moja ulikuwa umemponza, na ulimi wako mwenyewe huwezi kuushitaki. Akashika njia.

"Ila imepungukiwa na mkoba wake wa ngozi," mama mtu akasema nyuma yake. "Marehemu hakutoka nayo bila mkoba."

Mguu mmoja wa Bei Moja ulikuwa tayari barabarani. Ukarudi ndani. Kila kamera aliyonunua, kwanza aliivua mkoba, akauficha. Kitu kikigawanywa viwili kinauzwa mara mbili.

"Mkoba upo, mama," akasema, akavuta kiti.

"Taja bei yako," mama mtu akajibu, akivua viatu taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote.